Bundi wa Mama na Kichupa cha Maji

Bundi wa nne alipokufa, meneja wa bustani ya ndege aliwakusanya wafanyakazi akatamka, bila kupepesa macho, kwamba mlishaji anawapa ndege nyama mbovu. Mlishaji alikuwa mmoja tu, mwanamke wa makamo, na alikuwa amesimama palepale, ndoo mkononi. Akapewa hadi Ijumaa. Asipopatikana muuaji mwingine, unga wake umemwagika.

Mlishaji huyo alikuwa na binti aliyefanya kazi kwenye maabara ya virusi. Wenzake walimwita Cheche, maana hakukawia kuwaka.

"Mama, nyama ulinunua wapi?"

"Hata wewe unaniuliza?"

"Siulizi mimi, inauliza maabara."

"Basi iambie maabara kwamba nyama ile hata mimi ningeila. Na iambie kunguru nao wameanza kuanguka nje ya ukuta. Hao sijawahi kuwarushia hata punje."

Cheche aliyapeleka maneno hayo kwa Daktari, mkuu wa maabara, mwanamke asiyependa porojo, akaomba ruhusa ya kuwapima ndege hao. Daktari alimsikiliza hadi mwisho.

"Fanya. Ila kwa kuwa ni mama yako, kazi hii iwe safi kuliko zote ulizowahi kufanya."

Vichupa vikawa vinne. Kimoja cha ubongo wa bundi, kimoja cha ubongo wa kunguru, kimoja cha mbu walionaswa karibu na vizimba, wakasagwa pamoja. Cha nne kilikuwa na maji matupu. Maji hayo hupitishwa kila hatua wanayopita wenzake, dawa kwa dawa, na mwisho wa safari yanatakiwa yawe kimya, yasionyeshe virusi vyovyote. Yakisema neno, hakuna kichupa cha kuaminiwa.

Mashine ya kusoma vinasaba haikuzidi ukubwa wa simu. Matokeo yalipoanza kumiminika, aliyekuwa mbele ya kompyuta ni mwenzake wa meza, waliyemwita Friji kwa sababu hakuna jambo lililowahi kumtoa jasho.

"Hongera, Cheche. Bundi kajaa virusi. Kunguru naye kajaa. Mbu vilevile."

"Nilijua mimi."

"Na maji vilevile."

Cheche aliinama, akatazama mwenyewe. Kweli, maji yalikuwa yanaongea.

Hakuchukua muda kugundua alipokosea. Maabara ina vyumba viwili: kimoja safi, ambako dawa huchanganywa, na kingine ambako vinasaba vya virusi hurudufiwa hadi mabilioni ya nakala, mashine ipate cha kusoma. Kutoka chumba safi unakwenda cha pili. Kurudi, hapana, si mtu si kitu. Asubuhi ile glavu zilikuwa zimekwisha chumba safi, naye katika pupa ya kumwokoa mama yake akaingia na boksi la chumba cha pili, lililokwisha kushika nakala hizo.

"Vya kwenye maji ni vichache sana," Friji alisema. "Bundi ana maelfu kwa maelfu. Futa matokeo ya hayo maji, andika ripoti, mama arudi kazini. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi natosha."

Shida ni kwamba ubongo wa bundi uliobaki ulikuwa kama punje ya mchele. Daktari aliuinua kwenye mwanga, akaurudisha kwenye barafu. "Ukiharibu tena, bundi hatuna. Na Ijumaa ni kesho kutwa."

Mama alipiga simu. "Wanasemaje?"

"Nimeharibu, mama. Naanza upya."

"Mimi kizimba kisipotakata nakiosha tena. Kumbe na wewe? Nilidhani kazi yenu ni ngumu."

Cheche alicheka. Akasugua meza kwa klorini, akafungua boksi jipya la glavu kutoka stoo, akaanza tangu mwanzo.

Safari hii virusi vya bundi vilisomeka karibu herufi zote elfu kumi na moja za vinasaba vyake. Vya kunguru vilifanana navyo. Vya mbu vilitofautiana kwa herufi mbili tu. Maji? Kimya. Hata neno moja. Friji alijipangusa paji la uso kwa mkono wa koti.

"Unatoka jasho," Cheche alimwambia.

"Kiyoyozi hiki kibovu."

Ripoti Cheche aliiandika kwa Kiswahili. Daktari aliuliza kwa nini asitumie lugha iliyozoeleka humo ndani. "Hiyo nitaiandika wiki ijayo," alijibu. "Hii ni ya wanaoshika ndoo." Aliandika kwamba mbu alimuuma kunguru mgonjwa, kisha akaja kumuuma bundi, na kwamba kunguru hakuwahi kula nyama ya mlishaji yeyote. Hakukwama popote. Kila alichohitaji kusema, lugha ilikuwa nacho.

Ijumaa meneja aliisoma mara mbili mbele ya wafanyakazi, akakohoa. "Basi, mama, endelea na kazi."

"Niendelee?" mama alisema. "Uliniita muuaji mbele ya hawa. Nisafishe mbele ya hawa."

Meneja alitazama chini, kisha akasema kwa sauti ya kusikika kwamba nyama haikuwa na kosa, na kwamba anaomba radhi. Mama akaitikia kwa kichwa tu, halafu akaanza kutoa amri: vizimba vivishwe vyandarua leo leo, na mapipa ya maji yaliyo wazi yamwagwe yote. Hakuna aliyebisha.

Wakitoka, mama alitembea polepole kuliko kawaida yake, amemshika binti mkono. Getini mlinzi aliwasimamisha.

"Ndiye huyu aliyesoma mbu?"

"Ndiye," mama alisema. "Na aliyemzaa ni mimi, wasije wakakudanganya."