Siku Ua Ulipokaa Kimya

Fundi seremala, ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Randa, aliamka alfajiri na mapema. Leo mama mwenye nyumba alikuwa anakuja kuamua kama karakana za uani zitabaki, au zitabomolewa vijengwe vyumba vya kupangisha. Mama Randa alifanya kazi chini na kulala juu, pamoja na mama yake mzazi asiyeweza kutembea. Karakana ikihamia mbali, nani angepanda ngazi kumgeuza bibi wa watu kitandani mchana kutwa?

Basi akajifanya mjanja. Akaufunika msumeno wa umeme kwa turubai, akafagia uani, akawasihi mafundi wenzake wasiguse hata nyundo. Kelele zisisikike kabisa! Kumbe wapangaji wa juu nao walikuwa na lao. Walisikia tetesi kwamba vyumba vyao vitageuzwa maghala, kwa hiyo wakaanua nguo zote na kuwafungia watoto ndani, ili waonekane hawamsumbui fundi yeyote. Kila upande ulijiona umepatia kwelikweli.

Mama mwenye nyumba akaingia, akasimama katikati ya ua, akatazama huku na huku.

"Mbona pamepooza hivi?" akauliza. "Kumbe hapatumiki! Basi nimuuzie yule anayetaka maegesho ya magari, yaishe."

Wee! Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Hapatumiki vipi, mama?" Mama Randa alivuta turubai akalitupa kule, akawasha msumeno. Fundi baiskeli akaanza kugonga rimu. Juu milango ikafunguka, watoto wakashuka ngazi kama mbuzi waliofunguliwa, mashuka yakatanda kwenye kamba, na kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Mama Randa alikuwa anacheka huku anasukuma ubao. Kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa kazini!

Mwenye nyumba aliinua mkono mpaka msumeno ukazimwa. "Haya, nimeona. Na yule nesi yuko wapi, anayenipigia simu kila mara kwamba fundi anamnyima usingizi?"

Mama Randa akageuka kutazama ngazi. Nesi, mpangaji wa juu, alifanya zamu ya usiku, na mchana ndio usiku wake. Alikuwa amesimama ngazini amejifunga kitenge, macho mekundu.

"Wewe angalau leo umelala," mwenye nyumba akamwambia.

"Nilale wapi, mama? Tangu asubuhi nimekodoa macho. Nimezoea kumsikia huyu dada, leo kimya. Nikasema jamani, mama yake kazidiwa. Nimeenda chumbani kwao kumpima presha, yuko salama, ananiuliza eti mbona mwanangu hafanyi kazi." Akapiga mwayo. "Mwache abaki. Ila msumeno usiwake kabla ya saa nane mchana. Randa ya mkono ruksa."

"Hata saa tisa, dada yangu!" Mama Randa akadakia.

"Saa nane inatosha, usinizidishie."

Mwenye nyumba alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi karakana na vyumba vibaki kama vilivyo, huyo wa magari akatafute pengine."

Mama Randa alimrukia nesi akamkumbatia, vumbi la mbao na yote, akamsukuma ngazini akalale.