Sauti ya Chepngeno Kibuyuni

Jumatatu ya pili ya Agosti, mwaka 1994, Tecla alisugua kibuyu kwa ufagio mdogo wa mtende, akakipaka ndani mkaa wa mti wa itet, akakianika nje ya jikoni. Kilipokauka alimwita binti yake, Chepngeno.

“Kohoa,” akamwambia.

Chepngeno, msichana wa miaka kumi na sita, alikohoa mara tatu. Sauti yake ikatoka, ikaingia kibuyuni. Tecla akaimiminia maziwa yaliyochemshwa ili isikauke, akafunga kifuniko, akakitundika ukutani karibu na meko. Ingekaa humo mpaka shule zifunguliwe. Sauti ya Tecla mwenyewe ilihifadhiwa hivyo alipokuwa msichana, na mpaka leo akiita ng’ombe wake pale Sosiot, wa ng’ambo ya mto nao huinua vichwa.

Hakuwa na njia nyingine. Tangu likizo ianze, Mwalimu Kipkurui alikuwa akikusanya vijana arobaini kwenye kituo cha kununulia majani chai. Waliimba tangu asubuhi mpaka mvua ya mawe ya saa tisa, na mvua ikikatika wakaendelea, nguo zikiwa mbichi. Mheshimiwa fulani alikuwa anakuja Ijumaa. Tayari vijana tisa walikuwa wamebaki na mikwaruzo tu kooni. Chepngeno ndiye aliyeanzisha nyimbo zote, na hakutaka kazi nyingine maishani ila kuimba.

Jioni Mwalimu alifika mlangoni.

“Mama Chepngeno, msichana yuko wapi?”

“Yuko. Sauti ndiyo imepumzika.”

“Ipumzike Jumamosi! Mbona jogoo huwika kila siku na haombi likizo?”

“Jogoo wako unamrudisha ubeti wa tatu mara ishirini?”

Mwalimu alicheka, akaenda zake.

Ijumaa, Tecla akiwa bado anachuma chai, Mwalimu aliingia jikoni mwake kutafuta mursik, maziwa lala ya kibuyuni. Mgeni wa heshima hapokelewi mikono mitupu. Alichagua kibuyu kizuri kuliko vyote, chenye shanga nyingi, kilichotundikwa karibu na meko.

Mheshimiwa alikunywa jukwaani mpaka tone la mwisho, akapangusa midomo, akawasalimia wananchi kwa sauti ya Chepngeno. Alihutubia saa moja na dakika arobaini. Wazee walivua kofia. Alipofika kwenye ahadi ya lami, sauti ilipanda vizuri sana hata kina mama wakapiga vigelegele. Chepngeno, mstari wa mbele, alifuatisha kwa midomo.

Tecla alifika na kikapu mgongoni.

“Mheshimiwa, hiyo sauti ni ya mtoto wangu.”

“Nimeiona, mama. Ni nzuri sana,” Mheshimiwa alijibu, akipanda gari. “Watu wa huku mna ukarimu.”

“Tumebarikiwa, mama,” Mwalimu alimwambia Tecla. “Sasa tunasikika hata serikalini.”

Tecla alisuuza kibuyu kwa maji ya vuguvugu, akampa binti yake anywe. Ilipatikana sauti ya kutosha kunong’ona. Shule zilipofunguliwa, Chepngeno alirudi darasani nayo.

Mheshimiwa alisikika redioni mara kwa mara, na majirani walikuja kusikiliza wakinywa chai. Zilikuwa jioni njema. Chepngeno peke yake hakutulia, kwa kuwa alisikia jinsi sauti ilivyoanza kukauka pembeni. Akamwandikia barua.

“Mheshimiwa, kunywa maji ya vuguvugu kabla ya mkutano. Usipige kelele juani. Vuta pumzi kutoka tumboni. Ukikohoa, nyamaza siku mbili. Tafadhali ifunike shingo kukiwa na baridi.”

Jibu lilifika Desemba, kwenye karatasi nzito, kupitia kwa Mwalimu, naye akalisoma kanisani. Mheshimiwa alishukuru. Alikuwa akifuata kila neno, na sauti ilikuwa na afya njema. Kwa shukrani angekuja tena Agosti, na safari hii alitamani kuimbiwa na vijana themanini. Kanisa zima lilipiga makofi. Mwalimu alianza kuandika majina papo hapo.

Jioni hiyo Tecla alishusha vibuyu vyote, akaving’oa shanga, kisiwepo tena kizuri cha kumpa mgeni. Kisha akawasha redio. Mheshimiwa alikuwa akifungua kiwanda mahali fulani.

Chepngeno alisikiliza, kichwa kimeinama.

“Anavuta pumzi vizuri sasa,” akanong’ona.

Mama yake akaongeza sauti ya redio.