Mzigo Usiofunguliwa Njiani

Umeme umekatika saa nne na robo asubuhi, na mashine ya kurekodi imezimika Mama Clotilde akiwa katikati ya sentensi, mkono wake bado uko hewani, vidole vimekunjwa kama vya mtu anayefunga fundo, na Meja Chama amesema basi, tusimame hapo, tungoje umeme, yasemwayo bila mashine hayakusemwa, ndiyo kanuni, kisha ameagiza chai... na chai imekuja, imekuja haraka kuliko faili lolote lililowahi kuletwa katika ukumbi huu wa baraza, chupa moja na vikombe vitatu, vitatu tu, cha Meja mstaafu aliye mwenyekiti, cha Levy mwanasheria na changu mimi mwalimu niliyestaafu, mjumbe raia, ninayewekwa kwenye jopo la kusikiliza maombi ya askari walioachishwa ili wasiseme jeshi linajihukumu lenyewe, na walio upande wa pili wa meza hakuna aliyewakumbuka, Mama Clotilde aliyevuka ziwa jana kutoka Lukonzolwa, upande wa Kongo, na huyo Lackson Chipili, koplo wa zamani, aliyekaa kwa ubavu mmoja wa kiti kwa sababu ubavu mwingine haukaliki. Sinywi. Nikinywa nitakuwa nimekubali kitu, sijui nini. "Ba Ticha, chai inapoa," anasema Meja, nami nasema ee mukwai, ndiyo bwana, nakishika kikombe, nakiacha hapo... ombi lenyewe ni sentensi moja, imeandikwa Lackson ameachishwa jeshi kwa mwenendo mbaya, anaomba iandikwe ameachishwa kwa heshima, basi, hataki kurudishiwa cheo, hataki gwaride, anataka maneno hayo tu kwa sababu kuna kipande cha chuma kwenye nyonga yake, alikipata Afrika ya Kati alipokuwa katika kikosi cha kulinda amani, na daktari wa hapa Nchelenge ameandika kwamba kinasogea, kinaelekea kwenye mshipa mkubwa, kitolewe na wapasuaji wa hospitali ya jeshi, na hospitali ya jeshi haimpokei mtu wa mwenendo mbaya. Chuma ni cha jeshi, mwili si wa jeshi. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani tangu asubuhi na kila nikiirudia shingo inapata moto.

"Umeme wa Nchelenge," anasema Levy, "ni kama mchumba, ukimngoja hatokei, ukilala anapiga hodi." Meja anacheka. Meja anacheka vizuri, amecheka tangu Mansa, ndani ya gari alisema hii ya leo ni fupi, saa sita tuko Kashikishi tunakula samaki aitwaye pale, mbichi asiyekaushwa, na ugali wa nshima, hakuwa amemsikia mtu yeyote bado, hakuwa ameuona uso wa Lackson, na mimi niliyekuwa kiti cha nyuma nilitazama mihogo iliyoanikwa kando ya barabara nikajiambia sitapiga kura upande wowote, muda wangu katika jopo unaisha Juni na anayependekeza nani abaki ni huyu anayecheka... na Levy amekwisha sema yeye yuko na yeyote atakayetufikisha mezani mapema, kwa hiyo Meja ni hapana, Levy ni upepo, nami nimebaki peke yangu na kikombe. Mashtaka yanasomeka kama habari ya ukurasa wa mbele. Askari wa kituo cha mpakani, wilaya ya Chienge, alitoroka kazini siku tisa mwezi wa Januari, akavuka kwenda nchi nyingine, akakamatwa bandarini Mununga akirudi kwa mtumbwi wa mfanyabiashara wa Kongo, ana mzigo wa samaki, ziwa limefungwa, samaki wanazaa, kuvua marufuku kuuza marufuku, naye ndiye aliyewekwa pale kulinda marufuku hiyo, akaamriwa afungue mzigo akakataa, ukafunguliwa kwa nguvu, chisense, dagaa wa ziwa hili, na unga, ndani ya kitambaa cheupe. Kila neno ni kweli. Hilo ndilo linaloniudhi, hakuna neno hata moja la uongo, ungempa mhariri angelipitisha, na habari nzima ni uongo.

Kwa sababu mkewe alikuwa amekufa. Vicky, binti wa huyu mama, alikwenda kwao ng'ambo kujifungua mimba ya kwanza, kama wanavyofanya, mtoto akatoka hai na mama hakuamka, na habari ilimfikia Lackson kituoni jioni, akaomba ruhusa kwa redio, na afisa aliyekuwa upande wa pili akamjibu, mlinzi wa zamu amelithibitisha hapa kwa kiapo, akamjibu, "Mke wa Kongo ana wenyewe, watamzika." Watamzika. Kama vile ni ng'ombe wa jirani. Akairudisha bunduki ghalani, akasubiri iandikwe kwamba imerudi, nani anayetoroka anasubiri bunduki iandikwe, kisha akashuka ufukweni akamwomba Guy, yule mfanyabiashara wa Kongo mwenye mtumbwi, na alfajiri alikuwa Lukonzolwa. Mama Clotilde ametueleza hayo umeme ukiwapo, nilikuwa namtafsiria, mimi ndiye niliye na Kiswahili cha kutosha, nilikipata Kashikishi chini ya meza ya mama yangu aliyenunua samaki kwa Wakongo, wenzangu wana cha kuulizia bei tu, na mama huyu anaongea bila kupumua, "Mimi njo mama ya Vicky, njo nilimuzala, njo nilimuzika, huyu mutu alikuyaka na pirogue ya Guy, mvua inapiga, hata soulier moya alipotezaka mu mayi, alikuya na muguu moya wazi kuzika mwana yangu," nami nikageuza, mguu mmoja wazi, na Meja akasema fupisha, Ba Ticha, fupisha... nilifupisha. Nikasema, shahidi anathibitisha kwamba mwombaji alihudhuria mazishi. Kiatu nikakiacha ziwani.

Siku tisa, aliuliza Meja wakati ule, mazishi gani ya siku tisa, na akamtazama Levy kabla hajasema, kama mtu anayejua wapi watacheka, "Mimi nikifiwa narudi na macho mekundu, huyu karudi na chisense," na Levy akacheka, na karani mlangoni akacheka, na Lackson akasema "Ee mukwai." Ee mukwai! Nilitaka kumpiga. Nilitaka kunyoosha mkono juu ya meza nimtikise, sema wewe, mbona husemi, nyonga ni yako, una ulimi... miaka sita anakuja mbele ya watu na karatasi za daktari na kila akiulizwa mzigo ulikuwa wa nini anajibu chakula cha njiani, ndivyo alivyojibu bandarini, ndivyo alivyojibu mbele ya mahakama ya kambi, ndivyo alivyojibu leo saa tatu na nusu, chakula cha njiani, na jibu hilo ndilo lililomwangusha, maana mtu hakatai kufungua chakula mpaka apigwe kitako cha bunduki. Hakuna mtu katika ukumbi huu asiyejua. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, si kwa Lackson, nilikosea kuiweka kwa Lackson. Aliyefiwa na mke haondoki kwa wakwe mpaka wamfungue, ndizo siku tisa zenyewe. Hilo liko huku na liko ng'ambo, pande zote mbili za ziwa, wachungaji wamelipunguza, wameondoa yale mambo ya kulala na ndugu wa marehemu, siku hizi ni unga kwenye paji la uso na ushanga mweupe mkononi na maombi, lakini limebaki, ukiondoka kabla umeondoka na marehemu mabegani, mama yako mwenyewe hakupi maji, na wanakijiji watasema kwa nini alikimbia, kwani amemuua. Karani anajua. Levy anajua, Levy ni wa Kawambwa, mkoa huu huu, hakuanguka kutoka mwezini.

"Bado?" anauliza Meja. Karani anabofya swichi. Bado. "Tungoje dakika chache, ukirudi tunamaliza na uamuzi." Na uamuzi. Sio na shahidi. Nimesikia sawasawa, hatarudi kwa Mama Clotilde, sentensi aliyoianza umeme ukikatika itabaki na mkono wake hapo hewani, na sentensi ile ndiyo kesi nzima, mimi niliisikia, mashine haikuisikia, alisema, "Ile mufuko nilifunga miye mwenyewe, nikamwambia mukwe wangu, usifungue mu njia, usiseme iko nini, mama yako njo atafungua, ku mulango wake, njo batu bajue tumekuacha muzuri..." hapo giza. Basi hakuwa mkaidi. Alipewa samaki na unga na watu waliomwachilia, akaambiwa asiueleze mzigo mpaka mama yake aufungue mlangoni, na akatii, alitii hata chini ya kitako cha bunduki, ametii miaka sita, kwa sababu mzigo ulipasuliwa bandarini na hakuna aliyemwambia kama agizo limekwisha. Ukitaka askari anayeshika agizo, yule pale, amekaa ubavu. Mama Clotilde ananiinamia, ananong'ona kwa sauti inayosikika mpaka barabarani, "Weye mama, ule mukubwa anakunywa chai, miye nitashika maneno yangu ku mukono mupaka wakati gani?" Nami namwambia ngoja kidogo, mama. "Kungoja, kungoja. Mutoto wa Vicky sasa anapoteza meno, siye tunangoja." Meja anauliza anasema nini. Nasema anauliza kuhusu umeme. Levy anamsogezea Meja sukari, na Meja anavuta mkono wa koti ili usiguse chai, na kifundo cha mkono wake kinaonekana, hakina kitu, saa tu... lakini niliwahi kukiona kina kitu.

Mansa. Nilikuwa bado nafundisha shule ya kambini, mke wa Meja alikuwa mwenzetu kanisani, alipofariki sisi akina mama tulikwenda kwa basi la kambi tukalala kwa wakwe zake, na Meja alikuwa kwenye mkeka, ukutani, hana viatu, mwezi mzima wa ruhusa jeshi lilimpa, mwezi, na gari la jeshi lilikaa nje chini ya mfereji wa bati, dereva amelala na miguu dirishani, na siku ya kumfungua nilikuwapo, nilisimama mlangoni, shangazi wa marehemu akampaka unga usoni, akamfunga ushanga mweupe kwenye kifundo hicho hicho, Meja akalia, sikatai, alilia kama mtu, na sisi sote tukalia. Kisha wakampa mzigo. Nilikuwa kwenye gari lile, yeye mbele, mimi na akina mama wawili nyuma, na mzigo magotini mwangu kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine, kitambaa cheupe, ulinukia samaki, miguu yangu ilinukia samaki mpaka nyumbani, na njiani mmoja wetu akauliza, Ba Meja, wamekupa nini, akajibu bila kugeuka, chakula cha njiani. Chakula cha njiani. Alitumia maneno hayo. Nimewezaje kukaa saa nzima na maneno hayo mbele yangu bila kuyatambua... na kwenye geti la kambi mlinzi alichungulia ndani ya gari, ulikuwa mwezi wa Februari, ziwa limefungwa, harufu imejaa mpaka machoni, alichungulia, akamwona nani amekaa mbele, akapiga saluti. Akainua mti wa kizuizi. Tukapita.

Sasa anakoroga. Kijiko kinagonga kikombe, sukari imekwisha yeyuka, anakoroga tu, na anamwambia Levy kwamba Kashikishi kuna mama anayekaanga samaki mpaka mifupa inalika, na simchukii kwa kulia kule Mansa, namchukia kwa kucheka hapa, anajua ladha ya unga ule, ulimwingia mdomoni niliona, na ametia mzaha kwenye kinywa hicho hicho ili watu wacheke kabla hawajakumbuka. Na mimi nilikuwa nangoja nini, Juni? Nilikuwa nataka kubaki kwenye jopo ili nifanye nini kwenye jopo, nifupishe? Mkono wangu ni ndiyo, ulikuwa ndiyo tangu kiatu kile, lakini mkono mmoja hautoshi, Levy ni upepo na upepo unakwenda unakosukumwa, na umeme ukirudi Meja atasoma uamuzi kabla feni haijazunguka. Basi na usirudi kwanza. Yasemwayo bila mashine hayakusemwa, vizuri, mwenyekiti, kanuni ni yako, na huwezi kunishtaki kwa lisilosemwa. Nasukuma kikombe mpaka kinagusa faili. Sauti inatoka ndogo kuliko nilivyotaka, ya darasani, ile ninayoitumia nikijua jibu.

"Ba Meja."

"Ee, Ba Ticha."

"Ule mzigo tuliotoka nao Mansa, kwa wakwe zako. Nilioubeba magotini. Pale getini, nani aliufungua?"

Nimeuliza kwa Kibemba, kisha nimelirudia swali kwa Kiswahili ili Mama Clotilde asikie, sikufupisha. Kijiko kimesimama. Levy amegeuza kichwa, si kwangu, kwa Meja. Mama Clotilde ameshusha mkono. Lackson Chipili ameinua macho kutoka sakafuni.

Saa nne na nusu umeme haujarudi. Mwenyekiti ameweka kikombe mezani. Ameshusha mkono wa koti mpaka ukafunika kifundo.