Wadudu wa Mtini Dume

Mama mkwe wangu Tasadit aliamini kwamba shemeji yake anamwibia, na kiangazi kile alikuwa ameapa kumkamata.

Shemeji mwenyewe ni Mokrane, mdogo wa marehemu mume wake. Mitini yake na yetu imetenganishwa na ukuta mfupi wa mawe, chini ya kijiji, upande wa bondeni. Mwaka uliotangulia tini zetu zilidondoka zote zikiwa mbichi, ngumu kama kokoto, na za Mokrane zikaiva hadi zikapasuka. Jua lile lile, udongo ule ule. Halafu Mokrane huyo huyo alikuwa akitusumbua tubadilishane shamba, tumpe letu la bondeni naye atupe lake jingine la mlimani.

"Mti haujui kama hapa pana ukuta," Mama aliniambia. "Mtu ndiye anayejua."

Kwetu mtini hauzai peke yake. Kiangazi kinapoanza unachuma tini dume, zile zisizolika, unazitunga kwenye uzi kama shanga, kisha unatundika shada moja moja kwenye mitini yako. Usipofanya hivyo, tini hazishiki. Basi Mama alikata shauri kwamba mwaka ule uliotangulia Mokrane alikuwa akishuka bondeni sisi tukiwa kwenye chakula cha mchana, ananyofoa mashada yetu na kuyatupa.

Safari hii hakutaka mchezo. Alichuma tini dume kabla ya mtu mwingine yeyote kijijini, akazitundika, kisha akabeba mkeka na birika la kahawa akaenda kukaa chini ya mtini mkubwa. Mume wangu alikuwa mjini Aljeri, anafanya kazi bandarini, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa naye.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa ushahidi. Aliona nyayo karibu na ukuta, akainama kuzichunguza.

"Kiatu cha mwanamume hiki."

"Mama, si wewe umevaa viatu vya marehemu baba?"

Akaweka mguu wake juu ya unyayo. Ukaenea sawasawa. Hata hivyo aliendelea kuutazama ule unyayo kama vile umemdanganya.

Ferroudja, mke wa Mokrane, alituletea mkate wa moto na mafuta ya zeituni. Mama alimshukuru vizuri, akamuulizia wajukuu, akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye njia. Kisha mkate wote akampa punda.

"Wanataka tushibe tusinzie," alisema.

Mokrane naye alipita na jembe begani. "Shemeji, umehamia huku?"

"Ninalinda."

"Unalinda nini?"

"Changu."

Mokrane akainua macho kwenye matawi yetu, akatazama mashada kwa muda, akatikisa kichwa na kuondoka.

"Umeona?" Mama akaninong'oneza. "Anachagua la kuanza nalo."

Kibaya zaidi, hakuweza kungoja. Kila asubuhi alipanda kwenye jiwe, akachuma tini changa, akaipasua kwa kisu kuona kama imeshika. Ndani palikuwa pakavu. Kesho yake akapasua nyingine.

"Mama, utazimaliza wewe kabla ya mwizi."

"Wewe tazama ukuta," akanijibu.

Siku moja kabla ya adhuhuri nilimwona mtu mwisho wa shamba, mikono iko juu kwenye tawi letu. Nikamgusa Mama. Alinyanyuka bila kelele, akatembea kwa ule mwendo wake wa kukamata kuku, nami nyuma yake. Alikuwa Mokrane. Mkononi alikuwa na shada.

"Leo nimekupata," Mama akasema.

Mokrane hakukimbia. Alimalizia fundo alilokuwa akifunga. "Umenipata nikifanya nini?"

"Unaondoa."

"Siondoi, naweka. Mashada yako yamekufa, shemeji. Tini dume umezichuma kabla hazijakomaa, kama mwaka jana."

"Na mwaka jana kwa nini hukusema?"

"Nilimtuma Ferroudja akuambie. Ukamjibu kwamba tunataka uchelewe ili zetu ziwahi sokoni."

Hilo lilikuwa kweli, nilikuwepo. Hata hivyo uso wa Mama haukulegea. Alilinusa lile shada. "Umelipaka nini?"

"Kaa ulitazame," Mokrane akasema. "Si ndiyo kazi yako siku hizi?" Akaruka ukuta, akaenda zake.

Mama akalitazama kweli. Alihamisha mkeka chini ya lile shada, na asubuhi iliyofuata, jua lilipoanza kupasha moto matawi, akaniita kwa sauti ya chini. Kwenye kitundu cha tini dume alikuwa anatokea mdudu, mweusi, mdogo kuliko chembe ya semolina. Alikuwa amejaa vumbi la manjano, ile chavua inayozishikisha tini. Alijipangusa, akatulia, akaruka. Nyuma yake akatoka mwingine, na mwingine. Tulimfuata mmoja kwa macho mpaka kwenye tini changa. Akaizunguka, akapata mlango wake, akaanza kujisukuma ndani. Mbawa zake zikakatika zikabaki nje.

"Huyo hatoki tena," Mama akasema.

Aliteremsha shada letu moja, akapasua tini yake. Wadudu walikuwemo, weupe, wamejikunja, wamekauka.

"Tumewachuma hawajazaliwa," alisema.

Asubuhi ile yote hakupasua tini nyingine. Wadudu wengine walivuka ukuta kwenda kwa Mokrane, na wengine walitoka kwake wakaja kwetu, Mama akiwafuata kwa macho.

"Mdudu huyu ameonyeshwa njia na nani?" aliniuliza baadaye. "Anangoja ndani, gizani, hata siku yake ifike. Hakuna anayemlinda. Mimi naswali kila siku, nasema namtegemea Mungu, kumbe nampangia saa."

Nisiseme uongo, shaka haikumtoka kwa siku moja. Wiki iliyofuata bado aliniuliza kama nadhani Mokrane alikuwa na lake jambo. Nikamwambia sijui. "Na mimi sijui," akasema, kisha akakunja mkeka akauweka nyumbani. Tini zikabaki mtini bila mlinzi, zikashika, zikanenepa.

Zilipokaribia kulainika ikaja mvua ya mawe. Ilianza ghafla, ikapiga vigae kama watu wanamwaga changarawe. Nikavuta shuka nikimbie bondeni, sijui nilitaka kufunika nini. Mama akanishika mkono.

"Kaa. Ikipita tutashuka."

Akakaa mlangoni, midomo inatembea na dhikri, macho kwenye mawe yanayoruka uani. Ilipopita tukachukua vikapu. Majani yalikuwa yamechanika, na tini nyingi zimelala kwenye matope. Ng'ambo ya ukuta Mokrane alikuwa ameinama anaokota zake.

"Shemeji," Mama akaita, "zako zimesalia?"

"Kiasi."

"Na zangu kiasi," akasema, akainama naye akaanza kuokota.