Joto la Kaka Mkubwa

Rejeta mpya ilikuwa pana kuliko nafasi yake kwa vidole viwili, na Mama Pacha alilijua hilo kabla mumewe hajatoa utepe wa kupimia mfukoni. Alisimama uani na beseni la nguo kiunoni, akimtazama akiingiza lile dude la alumini kwenye pua ya gari, akilitoa, akiligeuza, akiliingiza tena, kana kwamba chuma kingeona haya kikajipunguza.

"Haiingii," alisema.

"Itaingia."

"Baba Pacha, ni pana."

"Rejeta si gauni, haikadiriwi kwa macho. Inapimwa." Fundi akapima, akaenda kutafuta msumeno wa chuma.

Gari lilikuwa la Kaka Mkubwa, kifungua mimba wa familia, mtu wa mikutano na safari. Lilikuwa kubwa na la kupendeza, ila kila likipanda mlima lilichemsha, na Kaka Mkubwa hakuwa mtu wa kuonekana kando ya barabara amefungua boneti. Rejeta hiyo aliichagua mwenyewe dukani. Ilitengenezwa kwa ajili ya gari jingine kabisa, kubwa zaidi, na muuzaji alimhakikishia kwamba fundi mwenye akili hawezi kushindwa kuiweka. Kwa hiyo alimtuma mtu alilete gari kwa mdogo wake, na rejeta imelala kiti cha nyuma.

Dirisha la chumba cha mama yao lilitazama uani. Mama alikuwa mtu mzima sana sasa, miguu ilikuwa imegoma, na siku zake alizimaliza kitandani na kwenye kiti kilicho kando ya kitanda.

"Mwanangu yuko wapi?" aliuliza kupitia dirishani.

"Ametuma gari, Mama," fundi alijibu.

"Gari nimeliona. Namuuliza mtu."

Fundi alikuwa amepiga magoti akikata bati la mbele, na Mama Pacha alikuwa akikamua shuka kwa nguvu kuliko shuka lile lilivyostahili. Mwaka mzima ulikuwa umepita bila Kaka Mkubwa kukanyaga nyumba ile. Kila mara alikuwa njiani, na kila mara alikuwa anakuja wiki ijayo.

Kazi ilikwenda vizuri, hilo lazima lisemwe. Fundi alihamishia feni mbele, akaikunjia bati kuizunguka ili upepo usipotee, akachonga bomba fupi la kuunganishia mipira miwili ya maji isiyolingana unene. Kilichobaki ni vishikio vya kuibeba rejeta kwa chini, na hapo engo, vile vyuma vya umbo la pembe, zikawa zimemwishia. Simu ikaita. Kaka Mkubwa alitaka kujua kama bado. Baada ya muda ikaita tena, Kaka Mkubwa akitaka kujua bado nini. Ilipoita mara nyingine fundi hakuipokea. Aliingia chumbani kwa mama yake, ambako kitanda cha zamani cha chuma kilikuwa kimeegemezwa ukutani, akatoka na mfumbati mmoja, ule upande mrefu wa kitanda.

"Hicho ni kitanda cha Mama," Mama Pacha alisema. "Ndicho mlichozaliwa juu yake, wote wawili."

"Kilikuwa kitanda. Sasa hivi ni chuma kizuri kimekaa bure."

Akakata vipande viwili, akavitoboa, akavichomelea. Rejeta ikakaa palepale, imetulia. Alijaza maji, akatoa hewa, akawasha injini na kuiacha ingurume kwa muda mrefu, na sindano ya joto ikapanda hadi katikati ikagoma kusogea. Fundi akatabasamu. Gari likachukuliwa na mtu yuleyule aliyelileta.

Kesho yake asubuhi Mama Pacha aliingia na chai akakuta chumba kimepamba moto. Mama mkwe alikuwa ametupa shuka, jasho likimtiririka shingoni. Joto lilitoka kwenye kile kitanda cha zamani. Mama Pacha alikidondoshea chai kidogo, nayo ikachachatika ikakauka. Akamwita mumewe.

Fundi aligusa chuma, akatoa mkono haraka, akafikiri.

"Kaka anapanda mlima," alisema.

Alipiga simu. Kaka Mkubwa alikuwa kweli anapanda mlima, na gari, alisema, lilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Alishukuru sana.

"Joto la injini lazima liende mahali," fundi alimweleza mkewe. "Vile vipande vimekaa na kitanda hiki miaka yote. Vimelileta huku, ndiko vilikozoea. Ni kosa langu la engo." Alisema hivyo kwa sauti ileile ambayo angesema klipu ya mpira imelegea.

Ikawa hivyo. Kaka Mkubwa akiendesha, chumba kinapata joto. Akizima gari, chumba kinapoa. Jirani mmoja alisikia habari akaja kuuliza kama anaweza kuanika sare za shule mle ndani siku za mvua. Fundi umeme aliitwa, akapima kitanda, akasema si umeme, kwa hiyo si kazi yake. Mama Pacha hakuwa na muda wa kujadiliana na watu. Alikishika kitanda kwa matambara mawili, akakiburura hadi uani, akakiacha huko kiwapashe joto kuku wa watu.

Siku hiyo mama hakula. Siku ya pili pia hakula.

"Kirudisheni," alisema.

"Mama, kitakuua."

"Mwaka mzima mwanangu sijui yuko wapi. Sasa najua akiamka, najua akifika kazini. Juzi alikwenda safari akarudi salama, nami nilikuwa naye njia nzima. Wewe unanitolea mwanangu nje kama takataka?"

Kitanda kikarudishwa. Mama akajifunza kukisoma. Joto dogo la asubuhi lilikuwa la kwenda kazini. Joto la vipindi lilikuwa la foleni. Joto kali lisilokatika lilikuwa la mbali na la milima, na hapo aliegemeza mgongo karibu na ukuta akifumba macho. "Anapanda," alikuwa akisema. Kisha chuma kikilia kwa kupoa, "Kashafika. Mshukuruni Mungu." Alisema hayo midomo imemkauka, na Mama Pacha alikuwa akimbadilisha nguo mara nne kwa siku.

Siku moja alizimia akiwa kwenye kiti. Muuguzi wa zahanati alikuja, akapima presha, akapima tena kwa kutoamini mashine. Akasema mwili umekosa maji na moyo umechoka, na kwamba bibi asikae tena kwenye joto kama hili. Alielezwa lilikotoka. Akaufunga mkoba wake. "Basi huyo mtoto apunguze safari," alisema, akaondoka.

Mama Pacha alipiga magoti mbele ya mama mkwe akamsihi. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Siku atakapokuja mwenyewe akaketi kwenye hicho kiti," alisema, "mtakitoa kitanda. Nitawasaidia hata kukisukuma. Kabla ya hapo msinisumbue."

Dawa ya jambo lile ilikuwa kazi ya nusu siku: kutoa vile vipande viwili, kuweka engo mpya za dukani. Mtoto angeweza kulielewa. Fundi akampigia kaka yake.

"Gari inachemsha?" Kaka Mkubwa aliuliza.

"Hapana, kaka."

"Sasa niilete ya nini? Kitu kinafanya kazi, mnataka kukifungua?"

"Inamchemsha Mama."

"Pole zake. Ngoja nitatuma feni."

Feni ikaletwa na mtu. Ilikuwa kubwa, ya kusimama, mpya kabisa, na ilinguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Mama akakataa izimwe kwa sababu ilitoka kwa mwanawe. Ililichukua lile joto la ukutani ikalisambaza chumba kizima, likafika hadi kwenye kona ambazo mwanzo zilikuwa na nafuu.

Hapo Mama Pacha akachoka. Alichoka na shemeji, akachoka na feni, akachoka zaidi na mumewe, ambaye kila akiongea na kaka yake alisimama wima kama mwanafunzi na kumalizia kwa "sawa kaka". Akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda ofisini kwa Kaka Mkubwa mwenyewe. Alipokewa vizuri mno. Aliletewa soda, akaulizwa habari za pacha na shule. Alipomaliza kusema alilokuja nalo, Kaka Mkubwa alikuwa ameshika kichwa.

"Shemeji, unanikosea ukidhani sijali. Yule ni mama yangu. Jumamosi nakuja, nakaa naye, na gari namwachia mdogo wangu siku nzima alifungue atakavyo."

"Utaingia ndani?"

"Shemeji! Sasa nitakaa nje?"

Jumamosi mama aliogeshwa mapema, akavalishwa gauni la bluu, akasukwa. Kiti kilipanguswa vumbi kikawekwa karibu na kitanda. Kitanda cha zamani kilianza kupata joto asubuhi, kidogokidogo, na mama akatabasamu kwa meno yote yaliyobaki.

"Ametoka kwake," alisema.

Joto likaongezeka. Mama Pacha akaenda kusimama getini, upande wa pili wa nyumba, na kweli gari likatokea kwenye kona, likaja likasimama. Kioo kikashuka kiasi cha kutosha uso. Ubaridi ukamgusa Mama Pacha mashavuni, mtamu, na akajichukia kwa kuufurahia.

"Karibu, shemeji. Anakusubiri."

"Asante. Ndani kukoje?"

"Kuna joto. Umetoka kuendesha."

"Basi nisubiri chumba kipoe. Na mimi nina presha, usisahau. Kikipoa mniite."

"Zima gari ndiyo kipoe."

"Nikizima, kiyoyozi kinazima. Hapa jua kali, na kuna simu naisubiri."

Mama Pacha aliyarudia maneno yale kichwani, polepole, akitafuta mahali yalipokatika. Hayakuwa yamekatika popote. "Shemeji," alisema, "chumba hakiwezi kupoa injini ikinguruma. Usipozima hakipoi, kisipopoa huingii."

"Ndiyo maana nasema nisubiri."

"Zima!"

"Usinipandishie sauti mbele ya nyumba ya mama yangu. Au mleteni hapa basi, ndani kuna baridi nzuri tu."

"Miguu yake haifiki mlangoni. Unajua hilo. Au hujui?"

Kaka Mkubwa akatazama usukani. Ilionekana wazi kwamba hakujua.

Fundi alikuwa amefika, akijifuta mikono. Mama Pacha alimgeukia kwa matumaini ya mwisho aliyokuwa nayo. Fundi aliinamisha sikio kwenye boneti.

"Sikia inavyotulia," alisema. "Gari likisimama halipati upepo wa njiani, kazi yote inabaki kwa feni na rejeta. Hapo ndipo joto linapotoka hasa. Na sindano?"

"Katikati," Kaka Mkubwa alisema. "Haijatikisika tangu siku ile. Mikono yako ni dhahabu, mdogo wangu."

"Fungua boneti nikaze klipu moja."

Mama Pacha aliwaacha hapo, mmoja ameinama ndani ya gari na mwingine amefungiwa ndani yake, akakimbia chumbani. Mlango ulimchoma kiganja. Feni ilikuwa ikinguruma, ikipuliza hewa ya moto usoni, na mtu aliye mle ndani asingesikia hata radi, seuze injini ya gari lililo getini. Mama alikuwa ameketi kitandani kwake na gauni lake la bluu, limelowa lote, amegeukia ukuta. Kitanda cha zamani kilikuwa kimeanza kuwa chekundu kwenye viungo. Kiti kilikuwa kitupu.

"Leo haji," mama alisema. Hakulia, alikuwa anaeleza tu. "Nilidhani anakuja huku, kumbe safari imemwita. Kwa joto hili yuko mbali sana. Hajawahi kwenda mbali hivi."

Mama Pacha akafungua mdomo. Neno lilikuwepo, fupi, yuko getini, na angeweza kulisema. Kisha angeulizwa anafanya nini getini.

"Ndiyo, Mama," alisema. Akamwinua kichwa, akamwekea kikombe cha maji mdomoni. "Yuko mbali."

Mama alikunywa kidogo, maji mengine yakamdondokea kidevuni. Akaurudisha mkono wake karibu na chuma, pale ambapo ngozi ilikuwa bado inastahimili.

"Basi msimpigie simu," alisema. "Anaendesha."