Mstari wa Nne

Mstari wa nne haukuonekana kwenye simu yangu, na mitamba wangu watatu wakatupa mimba.

Ujumbe aliuandika Abdiel, bwana mifugo wetu wa Oldonyo Sambu, kwenye programu ya wafugaji: dawa ya minyoo imefika, wanyweshwe ng'ombe wote kwa kadiri ya uzito. Nilisoma mpaka mwisho wa kisanduku cha ujumbe, nikanywesha zizi zima. Mimba zilipotoka nilimfuata kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, nikamwita muuaji mbele ya watu. Akanionyesha simu yake. Chini ya maneno niliyoyasoma palikuwa na mengine: wenye mimba changa wasipewe. Nikasema ameyaongeza jana.

Mke wangu, Nashipae, hakunihurumia. "Shule uliishia darasa la nne," alisema, "na ujumbe umeishia mstari wa tatu."

Lakini mimi kitu nisichokielewa siwezi kukiacha kikapita. Nikaenda Makumira kwa Vaileth, binti aliyeitengeneza programu ile. Aliniamkia, akalaza simu yangu kando ya yake, akasema herufi zangu ni kubwa mno. Nikamjibu kwamba macho yamechakaa, nilizikuza mwenyewe.

Akazikuza na za kwake, polepole. Nikainama. Neno la mwisho la mstari lilikosa nafasi, likashuka, likalisukuma la chini yake, nalo likashuka, kama mbuzi wanaobanana mlangoni. Mistari mitatu ikawa minne, na kisanduku kilikuwa na nafasi ya mitatu tu. Nikamwomba arudie. Akarudia mara tano, nami nikihesabu kwa kidole, nimesahau kabisa kilichonileta. Akaeleza kwamba maneno "soma zaidi", ya kuonyesha kwamba ujumbe unaendelea, hutokea herufi zikipita idadi fulani tu, na idadi hiyo aliipima kwa simu yake mwenyewe.

"Kwani simu haijui imeandika mistari mingapi?"

"Inajua, baba. Mimi ndiye sikuiuliza."

Sikumgombeza. Matusi yangu nilikuwa nimeshayamaliza kwa mtu mwingine.

Nilipoteza mimba tatu, na maziwa ya msimu mzima. Abdiel alikuwa akinywa chai kwangu kila Jumapili baada ya ibada, kwa miaka kumi na mmoja. Nilikwenda kumwomba radhi, akaipokea. Akiitwa kuchanja huja, huchanja, huondoka. Zimepita Jumapili themanini na sita.