Tone la Mtungi

Asubuhi ya Komunyo ya Kwanza, mwaka 1952, Kija alichomoka kwenye mstari wa watoto waliovaa nyeupe, akamvuta Mwalimu Dorotea upindo wa kanga.

"Mwalimu, leo nilipotoka kuteka maji ziwani, mtungi ulicheza kichwani. Maji yakanirukia mdomoni. Nikayameza pamoja na mate."

Dorotea alikuwa amesimama tangu alfajiri, na miguu ilikuwa imemvimba. Mtoto mmoja kapoteza mshumaa, mwingine analia kiatu kinambana, na kengele imekwisha gongwa. Mwaka wa kumi na mmoja huo, jembe asubuhi, katekisimu alasiri, na ujira wake ni "Mungu atakulipa, Mama." Kila mwaka aliwaimbisha jambo lile lile: anayekwenda kupokea hali wala hanywi tangu usiku wa manane, hata tone la maji. Hata tone! Waliitikia kwa nguvu hivi kwamba kuku wa Igogo nzima walikwisha zoea.

Angeweza kuingia sakristia, Padre alikokuwa akivaa, akamwulize. Hatua ishirini tu. Lakini we acha, mtu aliyechoka hatua ishirini huziona mlima.

"Nilifundisha nini kuhusu tone?"

"Hata tone," Kija alijibu polepole.

"Basi. Mpaka mwakani."

Akamvua taji la maua. Bibi yake Kija, aliyetembea kutoka Nyakato na jogoo wa sherehe kwapani, alimshika mjukuu wake mkono, wakarudi walikotoka, na jogoo wao.

Mwaka mpya ukaingia, mafundisho yakaanza, Kija hakuja. Dorotea alijiambia kwamba watoto ndivyo walivyo. Akaendelea kufundisha.

Jumapili moja, baada ya kutangaza ndoa na kabla ya zamu ya kufagia kanisa, Padre alisoma agizo kutoka Roma: tangu sasa maji hayavunji mfungo. Watu walikohoa, wakasubiri zamu zao za kufagia. Dorotea alimkumbuka Kija. Misa ilipokwisha alimfuata Padre, akamsimulia yote.

"Yalimrukia bila kutaka, akayameza na mate?" Padre alikunja uso. "Mama Dorotea, hayo hayakuvunja mfungo hata mwaka jana. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa nimechoka, Padre."

Lo, aibu ilioje! Wangapi kwenye mstari ule walikuwa wamelamba uji wakanyamaza? Naye kamrudisha nyumbani yule mmoja aliyesema kweli.

Hakupita kwake kula. Alikwenda Nyakato kwa miguu, jua la utosi. Kija alikuwa uani anatwanga. Alipomwona aliuacha mchi, akapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Bila kuulizwa, Kija alimletea mgeni maji katika kata. Dorotea aliipokea, asinywe. Koo lilikuwa limekauka, lakini maneno yalipaswa kutangulia.

"Siku ile hukuwa umevunja mfungo. Nilikosa mimi. Ilinipasa nimwulize Padre, nikaona uvivu."

Kija aliinama, akaanza kuokota punje zilizomwagika kando ya kinu, moja moja, mpaka zikaisha.

"Bibi alisema jogoo yule tusimchinje," alisema hatimaye. "Yupo mpaka leo. Mkali huyo!"

Dorotea alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Kija alimtazama, kisha akaitazama miguu yake iliyojaa vumbi.

"Kunywa, Mwalimu. Umetoka mbali."

Alikunywa. Alipoinuka kuaga, Kija alijitwika mtungi mtupu amsindikize hadi njia ya ziwani.

"Mwalimu."

"Naam."

"Na mwaka huu, yakinirukia tena?"

"Meza, mwanangu," alisema Dorotea. "Wewe meza tu."